Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Sadaka na Kafara katika Filamu ya The Proud Valley (1940)

1.0 Utangulizi

Filamu za zamani zinazosawiri maisha ya wachimbaji wa makaa ya mawe zina msuko unaofahamika. Wanaume hushuka shimoni alfajiri, gesi hulipuka, king'ora hulia, wanawake hukusanyika langoni wakiwa wamejitanda shali, kisha watazamaji hungoja pamoja nao kuona nani atapandishwa akiwa hai na nani atapandishwa akiwa maiti. Kwa kuwa msuko huu hujirudia, mhakiki hapaswi kuishia kusema kwamba kazi ya mgodini ni ya hatari. Hilo linajulikana tangu dakika ya kwanza. Swali lenye tija ni jingine: msanii amemchagua nani afe, na kifo hicho kinamfaa nani?

Makala haya yanaliuliza swali hilo kuhusu The Proud Valley, filamu ya Uingereza iliyoongozwa na Pen Tennyson katika studio za Ealing, chini ya mtayarishaji Michael Balcon, na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1940. Mhusika mkuu, David Goliath, ni baharia Mweusi kutoka Marekani anayefika katika kijiji cha wachimbaji huko kusini mwa Wales. Anayemwigiza ni Paul Robeson. Filamu hii husifiwa, na kwa haki, kwa kumpa mwigizaji Mweusi nafasi ya hadhi katika kipindi ambacho sinema za Ulaya na Marekani zilimpa nafasi ya mtumishi, mshenzi au kichekesho. Hata hivyo, David anakufa mwishoni, na anakufa ili Mwelsh aishi.

Hoja tunayoitetea ni kwamba filamu inataka tukipokee kifo hiki kama sadaka, ilhali namna ilivyomjenga mhusika tangu mwanzo inakifanya kielekee kuwa kafara. Tofauti ya maneno haya mawili ndiyo nyenzo yetu ya uchambuzi.

2.0 Mgeni, Sadaka na Kafara

Methali za Kiswahili zinamtazama mgeni kwa macho mawili. Methali ya kwanza, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," inamhesabu mgeni kuwa nguvukazi: ukarimu una kikomo, na baada ya kikomo hicho mgeni huwa mwenzetu kwa kufanya kazi pamoja nasi. Methali ya pili, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," inamhesabu kuwa chanzo cha nafuu: akifika, mwenye nyumba naye hula kilichopikwa kwa ajili yake. Katika matumizi ya kila siku methali hizi hazina ubaya. Lakini tukiziweka pamoja tunapata swali zito. Mgeni aliyepewa jembe amekuwa mwenyeji, au bado ni mgeni anayetarajiwa kumponya mwenyeji?

Sadaka na kafara nazo hukaribiana bila kulingana. Sadaka hutolewa kwa hiari na mwenye nacho, na thamani yake hupimwa kwa kile ambacho mtoaji anakikosa baada ya kutoa. Kafara hutolewa na jamii ili balaa iondoke. Mbuzi au kuku wa kafara haulizwi. Huchaguliwa kwa sababu nyumba inaweza kuendelea bila yeye, kisha huachwa njia panda au hutoswa baharini pamoja na mkosi aliobebeshwa. Kwa hiyo, anapokufa mhusika katika kazi ya sanaa, hatuna budi kuuliza mambo mawili: je, alikuwa na kitu cha kupoteza? Na je, jamii iliyobaki inaona pengo lake?

3.0 Usuli wa Filamu

Hatari inayosawiriwa haikuwa ya kubuni. Gesi ya methani hujificha katika tabaka za makaa, na ikichanganyika na hewa kwa kiwango cha kati ya asilimia 5 na 15 hivi hulipuka kwa cheche ndogo tu. Mlipuko huo hutimua vumbi la makaa, nalo huwaka na kuusambaza moto katika njia za chini kwa chini. Anayenusurika moto hukabiliwa na gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Katika mgodi wa Senghenydd, kusini mwa Wales, wachimbaji 439 walikufa Oktoba 14, 1913. Katika mgodi wa Gresford, kaskazini mwa nchi hiyo, watu 266 walikufa Septemba 1934, miaka mitano tu kabla ya kupigwa picha kwa filamu hii. Watazamaji wa Wales hawakuhitaji kuelezwa maana ya king'ora.

Robeson mwenyewe hakuwa mgeni kwa wachimbaji hao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alikutana jijini London na wachimbaji wa Wales waliokuwa wameandamana kwa miguu kutafuta msaada, akawaimbia. Baada ya ajali ya Gresford alichangia malipo ya onyesho lake kwa ajili ya wafiwa. Desemba 1938 aliimba Mountain Ash katika kumbukumbu ya Wawelsh waliokufa wakipigania Jamhuri ya Hispania. Hadithi ya filamu, iliyobuniwa na Herbert Marshall na Alfredda Brilliant, ilimlenga yeye. Na miongoni mwa walioandika mswada alikuwamo Jack Jones, mwandishi wa riwaya aliyewahi kuwa mchimbaji.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kuifuatilia kazi hii. Katika miaka ya 1930 Robeson alijiandikisha katika Chuo Kikuu cha London, katika taasisi ambayo leo inajulikana kama SOAS, akasoma fonetiki na Kiswahili. Alikuwa anaitafuta Afrika kupitia lugha zake. Utafutaji huo ulikuwa umemponza: katika Sanders of the River (1935), ambamo hata Jomo Kenyatta alionekana kama mwigizaji wa ziada, alijikuta amelitukuza dola la Kiingereza, na baadaye aliikana filamu hiyo. The Proud Valley inapaswa kusomwa kama jaribio la msanii aliyekwisha kuungua mara moja, anayetafuta nafasi ambamo mwili wake na sauti yake havitatumika dhidi ya watu wake.

4.0 Sauti Inayotangulia Rangi

David anaingia kijijini kwa sauti yake. Kwaya ya wachimbaji inafanya mazoezi chini ya Dick Parry (Edward Chapman); David yuko nje, anaisikia, naye anaipokea kwa besi yake. Dick anaisikia sauti kabla ya kumwona mwenye sauti, na anaihitaji kwa ajili ya Eisteddfod, tamasha la mashindano ya uimbaji na ushairi lenye heshima kubwa kwa Wawelsh. Kwa hiyo uamuzi wa kumkaribisha umekwisha kufanywa na sikio kabla jicho halijapata nafasi ya kuleta ubishi.

Mbinu hii ni ya maana kubwa. Katika sinema ya wakati huo mtu Mweusi aliingizwa kwa kutazamwa: mgongo, misuli, macho. Hapa anaingizwa kwa kusikilizwa. Kwa bahati, historia ya filamu yenyewe ililikamilisha wazo hili. Februari 1940 BBC ilirusha redioni toleo lililofupishwa la filamu hii. Wasikilizaji waliwekwa pale pale alipokuwa Dick Parry, nyuma ya ukuta, wakiipokea sauti isiyo na rangi.

Hata hivyo, tukio hili lina upande wa pili ambao sifa za kawaida huupita. David anakaribishwa kwa sababu ana kitu ambacho kwaya inakikosa. Tuchukulie angekuwa mtu wa sauti ya kawaida: mlango ungefunguliwa? Filamu haiulizi. Mabaharia Weusi wa bandari za jirani walilijua jibu. Ghasia za kibaguzi za mwaka 1919 katika miji ya Cardiff na Barry ziliwalenga wao, wenye kuimba na wasioimba. Tangu hatua ya kwanza, basi, uanachama wa David umefungamanishwa na faida anayoileta. Mgeni amekuja, na mwenyeji ameanza kupona.

5.0 Jembe la Mgeni

Siku ya tatu ya David ni mgodini. Dick anamtafutia kazi na kumpa malazi nyumbani kwake. Baadhi ya wachimbaji hawaridhiki kufanya kazi na mtu Mweusi, na Dick anawanyamazisha kwa kuwauliza iwapo huko chini wao wote si weusi. Kauli hii ndiyo inayokumbukwa zaidi katika filamu nzima, na inastahili kuchambuliwa kwa pande zote mbili.

Kwa upande mmoja, ni kauli ya kitabaka iliyo thabiti. Vumbi la makaa linaifuta alama ambayo ubaguzi huitegemea. Kamera inaithibitisha kauli hiyo kwa macho: katika mwanga hafifu wa taa, nyuso zote zimepakwa rangi moja, na kinachobaki ni mikono na sururu. Nguzo ikivunjika haimchagui mtu. Hapa The Proud Valley inakutana na Kuli, riwaya ya Shafi Adam Shafi kuhusu wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Katika kazi zote mbili umoja hauhubiriwi kabla ya kazi. Unazaliwa na mzigo unaobebwa pamoja, na kila mmoja anajifunza kwamba adui yake si mwenzake wa zamu.

Kwa upande mwingine, kauli ya Dick inatoa usawa wenye masharti. Weusi wa wachimbaji huoshwa jioni kwa maji ya moto. Weusi wa David hauoshwi. Kusema kwamba sote ni weusi shimoni ni kukiri, bila kutaka, kwamba juu ya ardhi hatulingani. Filamu haimwonyeshi David akibaguliwa dukani au njiani kwa kiasi ambacho uhalisia ungedai, lakini inaonyesha jambo lililo zito zaidi: upweke. Emlyn (Simon Lack), mtoto wa Dick, ana mchumba wake Gwen. Dick ana mke na watoto. Hata kikwazo cha mapenzi, yaani mama yake Gwen anayeipinga ndoa, ni anasa ambayo David hakupewa. Hana barua kutoka kwao wala mtu anayemtaja. Hana mwanamke anayemwangalia kwa jicho la kumtaka. Nyumba ya akina Parry ni ya watu wengine, naye amepangishwa chumba. Mswada umemvua kila uhusiano isipokuwa urafiki na kazi.

Jina lake linafanya kazi hiyohiyo kwa njia ya fumbo. Katika Biblia, Daudi na Goliathi ni mtu na adui yake. Mmoja anakufa ili mwingine awe mfalme. Kuwaweka wawili hao ndani ya mtu mmoja ni kutangaza mapema kwamba jitu hili lina nguvu za kushinda, na kwamba ushindi wake utakuwa anguko lake mwenyewe.

6.0 Kifo cha Kwanza na Kifo cha Pili

Filamu ina vifo viwili vikubwa, na kuvilinganisha kunatupa ushahidi ulio wazi zaidi wa hoja yetu.

Kifo cha kwanza ni cha Dick, kutokana na mlipuko mgodini. Kinatokea wakati kwaya inajiandaa kwa Eisteddfod. Kwaya inakwenda bila kiongozi wake, na David anasimama kuimba Deep River, wimbo wa kiroho wa Waafrika wa Marekani, kwa ajili ya marehemu. Hili ndilo tukio bora kuliko yote katika filamu. Wimbo uliozaliwa na watumwa unabeba msiba wa mchimbaji wa Wales, na hakuna anayeona ajabu. Usawa hapa hauna masharti, kwa sababu mgeni hatoi jasho lake bali utamaduni wake, na wenyeji wanaupokea kama lugha ya msiba wao. Dick anapata maombolezo, nafasi yake tupu inaonekana, na kifo chake kinaacha madhara: mgodi unafungwa, watu wanakosa kazi, familia zinaishi kwa msaada.

Kifo cha pili ni cha David. Wanaume kadhaa wamenaswa chini wakijaribu kuufungua tena mgodi. Ili wengine waokoke, mmoja lazima abaki aiwashe baruti itakayoubomoa ukuta. Wanapiga kura, na kura inamwangukia Emlyn. David hajadiliani naye. Anampiga, Emlyn anazirai, kisha David anakwenda mwenyewe.

Kura ndiyo taasisi pekee katika filamu inayomhesabu David sawa na wengine kabisa. Kila mmoja ana nafasi ileile ya kufa, bila kujali rangi, ndoa au kipaji. David anaivunja kura. Watetezi wa filamu watasema, na hoja yao ina uzito, kwamba hiki ndicho kilele cha uhuru wake: hakuna aliyemtuma, na kwa ngumi moja ameikataa bahati nasibu na kuchagua. Kwa kipimo chetu cha hiari, basi, kifo chake ni sadaka.

Lakini kipimo kina sehemu mbili. Kwa nini David afe badala ya Emlyn? Jibu linalojengwa na msuko ni kwamba Emlyn ana mchumba, na ana mama ambaye tayari amempoteza mume. David hana mtu. Hapo ndipo hila ya mswada inapojitokeza. Sababu inayoufanya uamuzi wa David uonekane wa busara ni upweke ambao waandishi wenyewe wamembebesha tangu aliposhuka kwenye treni. Wamemnyima mke, kisha wakatuonyesha kwamba afadhali afe asiye na mke. Hiari ya mhusika ni ya kweli ndani ya hadithi. Nje ya hadithi, uchaguzi ulikwisha kufanywa. Huyo ni mnyama wa kafara: nyumba inaweza kuendelea bila yeye.

Sehemu ya pili ya kipimo inalithibitisha hilo. Baada ya kifo cha David hakuna tukio la maombolezo linalolingana na lile la Dick. Aliyejua kuimba msiba ndiye aliyekufa, na hakuna aliyeachiwa wimbo wake. Tulinganishe na Kinjeketile katika tamthilia ya Ebrahim Hussein: naye anaelekea kufa, lakini anakataa kuikana imani ya maji kwa sababu anajua neno lake litarithiwa na vizazi vijavyo. Kifo chake kina mrithi. Kifo cha David kina wanufaika.

7.0 Mwisho Uliobadilishwa

Uchambuzi wetu usingekamilika bila kutaja kwamba mwisho tunaoutazama si ule uliokusudiwa. Katika mpango wa awali, wachimbaji walikuwa waufungue mgodi wenyewe na kuuendesha kwa ushirika dhidi ya matakwa ya wamiliki. Vita vilizuka Septemba 1939 utayarishaji ukiwa unaendelea, na mwisho huo ukaachwa. Katika filamu iliyokamilika, wanaume wanne, David akiwamo, wanatembea hadi London. Njiani habari za magazeti zinazidi kuwa za vita. Na mbele ya wamiliki hoja inayoshinda ni kwamba taifa litahitaji makaa. Waliokwenda kudai haki wanarudi na ruhusa.

Badiliko hili linaigeuza maana ya hatari. Katika sehemu ya kwanza hatari ni suala la kisiasa: mtu anaweza kuuliza nani anafaidika na shimo lisilo salama. Katika sehemu ya pili hatari inakuwa ushujaa wa kizalendo. Mchimbaji analinganishwa na askari, na askari haulizi nani mwenye mali. Laiti mwisho wa awali ungebaki, David angekufa kwa ajili ya mgodi wa wachimbaji, na angalau kaburi lake lingekuwa ndani ya mali aliyokuwa na hisa. Katika mwisho uliopo, anakufa ili kampuni ifungue lango. Uingereza ilitaifisha migodi yake ya makaa Januari 1, 1947. Kwa hiyo kile kilichoondolewa kwenye mswada hakikuwa ndoto ya mbali, bali dai lililokuwa hai miongoni mwa wachimbaji wenyewe.

Pamoja na hayo, tusiifanye filamu kuwa mbaya kuliko ilivyo. Robeson anaigiza dhidi ya mswada. Katika matukio ambamo mswada unamtaka awe mpole, utulivu wake una uzito wa mtu anayejua zaidi ya anayosema. Na katika mwimbo wa kwaya sauti yake haiwafuniki wengine, inawashikilia. Ni uigizaji huu, si msuko, unaotufanya tuhisi pengo ambalo filamu haikutenga muda wa kulionyesha.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba The Proud Valley inampa mgeni jembe kwa moyo mweupe, lakini haimpi nyumba; na kwa kuwa haikumpa nyumba, inapata urahisi wa kumtoa. Inaitwa sadaka, ila imeandaliwa kama kafara. Tofauti hii ina faida kwa uhakiki wa kazi nyingine ambamo mhusika kutoka pembezoni anakufa kwa ushujaa kwa ajili ya kundi lililompokea. Mhakiki asiridhike na swali la iwapo mhusika alijitolea. Aulize pia nani alimwandaa awe mtu wa kutolewa.

Historia iliyofuata ililijibu swali hilo kwa namna ambayo waandishi wa mswada hawakuithubutu. Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya Robeson pasipoti. Wachimbaji wa Kusini mwa Wales hawakumsahau. Mwaka 1957 walimwalika katika Eisteddfod yao huko Porthcawl, na kwa kuwa hakuweza kusafiri aliwaimbia kupitia simu iliyovuka bahari ya Atlantiki, nao wakamwimbia. Waliokuwa ukumbini walisikia tena sauti bila kumwona mwenye sauti, kama Dick Parry siku ile. Lakini safari hii walikuwa wanadai mwenye sauti naye aruhusiwe kuja. Pasipoti ilirudishwa mwaka 1958, na mwaka huohuo Robeson alihudhuria Eisteddfod ya taifa huko Ebbw Vale. Katika filamu, mgeni alikuja na mwenyeji akapona. Katika maisha halisi ya bonde lilelile, mwenyeji alisimama ili mgeni apone.